Tangu Mama Aanze Kukubali

Kinyozi wa duka la chini ndiye aliyempa Kitinda jina la Gavana. Siku hizo Kitinda alikuwa ameacha kazi ya bima, anashinda ndani kutwa, hatoki ila kununua mkate. Kinyozi, ambaye hakuna habari ya mtaa iliyowahi kumpita bila kusalimiana naye, akataka kujua kijana mzima mwenye shahada yake anaishije bila kwenda kazini.

"Nafanya biashara ya fedha," Kitinda akamjibu. "Foreksi. Nanunua yuro, nauza dola. Mambo kama hayo."

"Ziko wapi hizo yuro?"

"Ziko kwenye kompyuta."

Kinyozi akazima mashine, akamgeukia mteja aliyekaa kitini na povu shavuni. "Umesikia? Tumepanga nyumba moja na Gavana wa Benki Kuu, na sisi tunamsalimia hivi hivi bila hata kuvua kofia."

Tangu hapo kila akipita mlangoni ilikuwa, "Gavana, pesa yetu imeamkaje?" Naye alikuwa akijibu, "Imeamka na homa," wakacheka, akapanda ngazi kwenda kwenye vyumba vyake viwili.

Kitinda lilikuwa jina la nyumbani. Mama yake alimzaa wa mwisho, kitinda mimba, na hakuwahi kumwita jina lingine, hata mbele ya wageni, hata siku ya mahafali. Mama alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Ujana wake wote aliumalizia akitembea ndani ya mabehewa, mkono mmoja umeshika kiti, mwingine unadai. Baba yao alikufa mapema, na yeye akalea watoto wawili kwa kuwashuku abiria. Alipostaafu na goti likaanza kumsumbua, akaja kukaa na Kitinda, kwa sababu dada mkubwa alikuwa mkunga, leo yuko zamu ya mchana, kesho ya usiku, na Kitinda angalau alikuwa anashinda nyumbani.

Wakati Mama anahamia, Kitinda alikuwa taabani. Akaunti yake ya foreksi ilikuwa imekauka mara mbili, na mara ya pili uchumba wake nao ukaondoka na maji hayo hayo. Si kwamba hakujua kazi. Alisoma takwimu chuoni, akazisoma tena peke yake, na alijua vizuri sana kwamba hakuna mtu anayepatia kila mara. Anayefaulu ni yule ambaye akikosea anapoteza kidogo na akipatia anapata zaidi ya hapo, tena anafanya hivyo hivyo siku zote bila kuchoka. Kabla ya kununua fedha yoyote, mtu hujiwekea kikomo: bei ikifika hapa, nimekosea, natoka. Kitinda alikuwa anakiweka kikomo chake vizuri kabisa. Kisha bei ikikikaribia, alikuwa anakisogeza. Kidogo tu. Halafu kidogo tena. Mpaka hasara ndogo inakuwa msiba.

Asubuhi moja Mama akamletea chai, akaiweka mezani, akasimama nyuma ya kiti chake badala ya kuondoka.

"Unafanya nini?"

"Nataka kununua yuro, Mama."

"Za nini? Unasafiri?"

"Sisafiri. Nanunua ili niziuze zikipanda."

"Nani amekwambia zitapanda?"

"Hakuna aliyeniambia. Naona hapa kwenye chati."

"Na huyo anayekuuzia?"

"Anayeniuzia nini?"

"Si lazima kuna mtu anakuuzia? Kama zinapanda, yeye mbona anauza? Mjinga?"

Mama akavuta kigoda, akakaa, goti likalia.

"Sikiliza. Mimi abiria nilikuwa namuuliza: umepandia wapi, unashukia wapi. Basi. Wewe unashukia wapi?"

Kitinda akamwonyesha kwa kidole.

"Na ikienda kinyume, unashukia wapi?"

"Hapa. Huu mstari mwekundu."

"Una hakika? Maana jana nilikuona unausogeza. Abiria wa aina yako nawajua. Kituo chake kikipita anajifanya amelala."

Kitinda alicheka mpaka chai ikamwagika. Na kwa kuwa alikuwa anacheka, hakununua. Kabla ya mchana yuro ikaporomoka kama ngazi iliyokatwa. Alikaa akiitazama kama mtu aliyekoswa na gari.

Haikuwa hekima. Mama hakujua yuro ni fedha ya nani, na alipoambiwa akasahau, na alipokumbushwa akasema haimhusu. Alikuwa mbishi tu, na ubishi huo ulikuwa umelipwa mshahara kwa miaka mingi. Lakini Kitinda aligundua kwamba uongo aliokuwa akijidanganya nao kimya kimya haukuweza kutoka mdomoni kwa sauti mbele ya mama yake. Akajiwekea sheria: hataingia sokoni kabla ya kumweleza Mama kwa maneno ya kawaida, na Mama akiona tundu, hakuna kuingia.

Mama aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokubali kuonyesha. Asubuhi anaoga, anavaa vizuri, anakuja na kigoda chake. "Haya, mwizi, eleza." Nusu ya mipango ya Kitinda ilifia pale mezani. Iliyobaki ndiyo iliyomlisha. Mwezi ukafunga na faida, si nyingi. Uliofuata pia. Wa tatu ukala hasara kidogo, wa nne ukairudisha. Haikuwa pesa ya kununulia gari. Ilikuwa pesa ya kodi, ya umeme, ya godoro la Mama lisilomuumiza mgongo, na ya kumwambia dada mkubwa kwamba asitume tena chochote.

"Kumbe sasa ni mfanyabiashara wa kujitegemea," dada akamwambia, amekaa jikoni kwao, bado amevaa sare ya kazi.

"Wa kujitegemea kabisa."

"Unajitegemea na Mama."

Mama akasema kutoka chumbani, "Mwambie anilipe!" Wakacheka wote watatu, na kama kuna siku ambayo Kitinda angeirudia, asingechagua siku ya faida kubwa. Angechagua hiyo.

*

Hasara zilianza na mvua.

Mwanzoni hakushtuka. Hasara ni sehemu ya kazi kama vumbi kwa mfagiaji. Lakini mwezi ule ulifunga vibaya, na uliofuata vibaya zaidi, na Kitinda akaanza kutafuta ugonjwa. Akachukua bei za miaka iliyopita, akaijaribu njia yake upya, akaikuta nzima. Akamshuku dalali anayempitishia biashara, akahamia kwa mwingine. Akashuku mtandao, akabadilisha waya. Akaanza kulala mapema, akaacha kahawa, akairudia kahawa.

Hakumshuku Mama. Angemshukuje? Kila asubuhi Mama alikuja na kigoda chake, akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Sawa, mwanangu." Kitinda aliona fahari. Alidhani maelezo yake yamekomaa, kwamba hatimaye amekuwa mtu wa kueleweka, kwamba bibi yule aliyewahi kumshusha hakimu kwenye treni kwa kukosa tiketi sasa anamwamini mwanawe. Mipango iliyokuwa ikifia mezani sasa ilikuwa inapita yote, na yeye akaona ni baraka.

"Mama yako siku hizi amekuwa mpole," kinyozi akamwambia siku moja. Hakuwa anacheka. Alikuwa anafagia nywele, na hakuacha kufagia.

"Uzee," Kitinda akasema.

"Nimemnyoa juzi. Jana akaja tena, akakaa kitini, akaniambia nimpunguze." Akasimamisha ufagio. "Nipunguze nini, Gavana? Nilipitisha mashine hewani tu, juu juu, nisimwaibishe. Akajitazama kwenye kioo, akashukuru, akatoa pesa. Sikupokea. Na hakunigombeza kwa kutopokea. Ndipo nikaogopa."

"Anapenda usafi," Kitinda akajibu, akapanda ngazi haraka kidogo kuliko kawaida.

Dada mkubwa alikuja Jumapili. Akaoga, akala, akamsuguasugua Mama miguu kwa mafuta huku wakiongea. Kisha akamfuata Kitinda jikoni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Mama amepungua."

"Amepungua nini? Anakula vizuri."

"Usinifanye mgeni. Ameniuliza mara tatu watoto wangu wako darasa gani. Mara ya tatu nikamdanganya ili nione. Hakunisahihisha."

"Dada, mimi ndiye nakaa naye. Kila asubuhi naongea naye kazi. Anafuata neno kwa neno."

"Anakuuliza nini?"

Kitinda akafungua bomba, akachukua sufuria iliyokuwa safi, akaanza kuisugua.

"Nakuuliza wewe, Kitinda. Kila asubuhi unamweleza. Anakuuliza nini?"

Maji yaliendelea kutiririka. Alitafuta swali moja, hata la wiki iliyopita, hata la mwezi uliopita. Alikumbuka tu Mama akiitikia kwa kichwa.

"Mweleze jambo la kipuuzi," dada akasema, sauti imeshuka. "La kipuuzi kabisa. Uone."

"Nimtege mama yangu?"

"Simwambii mtu amtege mama yake. Nakwambia umtazame." Akafunga bomba kwa ajili yake. "Mimi kazini mtoto akizaliwa kimya, sisemi labda anapumzika. Namgeuza, namsugua, namfinya mpaka alie. Huu ukimya wake haunifurahishi."

*

Jumatatu asubuhi Kitinda aliwasha kompyuta bila nia ya kununua chochote. Nje kulikuwa na manyunyu. Mama akaja, ameoga, amevaa gauni lake la bluu, vifungo vimepishana kwa tundu moja. Akavuta kigoda, akakaa.

"Mama, leo yuro inaanguka," Kitinda akaanza. Alijisikia kama mtu anayeiba. "Tangu wiki iliyopita inaanguka tu. Kila mtu anaiuza."

"Ehee."

"Kwa hiyo nataka niinunue. Kwa pesa zetu zote, hata za kodi. Na sitaweka mahali pa kushukia. Ikianguka, nitakaa humo humo tu mpaka iishe."

Akaomba moyoni kwa namna ambayo hakuwa ameomba tangu utotoni. Nitukane. Niite mwizi. Nirushie kandambili.

Mama aliitazama chati. Kisha akamtazama yeye usoni, na hapo ndipo Kitinda alipoona. Hakuwa akimtazama kama mtu anayefikiri. Alikuwa anamsoma. Alikuwa anatafuta kwenye macho yake, kwenye mdomo wake, jibu gani mwanawe analitaka, kama mtoto asiyejua hesabu anavyomtazama mwalimu. Na Kitinda akajua kwamba ndivyo alivyokuwa anatazamwa miezi hii yote, na yeye macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Sawa, mwanangu," Mama akasema. "Umefikiria vizuri."

Kitinda akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Nimekosea?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama."

"Ulitaka niseme hapana?"

"Hapana. Umesema vizuri."

Mama akaushika mkono wake. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kwa maji ya kuoga. "Uwe unaniambia mapema unachotaka niseme," akasema taratibu, kama anayeomba jambo la aibu, "na mimi nitasema. Siku hizi mnaongea haraka sana."

Kitinda akafunga kompyuta. Akamfungua vifungo, akavifunga upya kila kimoja kwenye tundu lake, na Mama akainua kidevu ili amrahisishie. Kisha akaenda bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho ili lisikike lenyewe, akaketi juu ya karai lililopinduliwa.

Yuro ikisogea kiasi cha unywele, aliiona. Gavana wa nchi ya mbali akikohoa, alijua pauni itafanya nini. Na mama yake alikuwa akiondoka ndani ya chumba hicho hicho, kidogo kidogo, kila asubuhi amebeba kigoda, na yeye alihesabu kuondoka kwake kuwa ni kukubaliwa. Hasara zote zile alizozitafutia ugonjwa kwenye waya na kwa dalali zilikuwa zinapiga kelele jambo moja tu: hakuna tena anayeuliza.

*

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye mwandiko mbaya. Akamwuliza Mama siku, mwezi, akamwambia achore saa. Akautaja ugonjwa kwa jina lake, akasema dawa zipo za kuuchelewesha, si za kuurudisha nyuma. Kisha akawageukia watoto.

"Ilianza lini? Watu wengi hawawezi kusema. Inaingia polepole."

Dada akafungua mikono, hajui.

"Mwanzo wa mvua," Kitinda akasema. "Wiki ya pili."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Daktari alionekana kufurahi kupata mtu makini kiasi hicho, akaandika. Dada hakumtazama Kitinda, ila alimshika kiwiko, akakishikilia mpaka wakatoka nje.

Waligombana siku ile ile, kwa kunong'ona, kwenye benchi la kituo cha afya, Mama akiwa katikati yao anakula chungwa. Dada alitaka kumchukua. Nyumba yake ilikuwa ya chini, ina ua, ina shangazi wa mume wake anayeshinda hapo na hana kazi ila kuongea. Kitinda hakutaka kusikia.

"Nitaacha foreksi. Nitakaa naye mimi."

"Na mtakula nini? Mapenzi?"

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, Dada."

"Nundu ya ng'ombe haipandi ngazi za ghorofa! Unalijua goti lake. Siku atakayoamka mapema kuliko wewe, akaona mlango uko wazi?" Akajifuta pua kwa kiganja. "Kitinda, hakuna anayekunyang'anya mama. Nakuomba tusaidiane."

Mama akampa Kitinda kipande cha chungwa. "Kula. Unafoka na tumbo tupu."

Siku ya kuhama kinyozi alifunga duka, akapanda kuja kubeba sanduku. Alishuka nalo hatua kwa hatua, amelikumbatia, na Mama nyuma yake ameshika ukuta.

"Hilo sanduku umelizaa?" Mama akamwuliza ghafla. "Mbona unalibembeleza? Beba kama mwanamume, tunachelewa!"

Kinyozi akasimama kwenye ngazi, akaangua kicheko mpaka sanduku likatetemeka, dada akacheka, na Kitinda, aliyekuwa nyuma kabisa na godoro kichwani, akacheka kuliko wote. Amerudi, akawaza. Dawa zimeanza kufanya kazi. Tumeharakisha bure, tumrudishe juu. Alikuwa amefungua mdomo kusema hivyo walipofika chini, na Mama akaangalia mlango wa kinyozi, akaangalia barabara, akamwuliza dada kwa adabu kama ghorofani kule kunakaa watu wema.

*

Miezi iliyofuata Kitinda hakufanya biashara. Alimtembelea Mama kila alipoweza, akarudi, akaketi, akaitazama chati ikipanda na kushuka kama mtu aliye kando ya barabara anavyotazama magari. Pesa ilipokaribia kuisha akarudi kazini, kwa kiasi kidogo sana, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumweleza akaanza kujieleza mwenyewe kwa sauti.

Mwanzo ilimshinda. Alijiuliza maswali laini na kujijibu kwa huruma. Ngoma ya kujipigia na kujichezea. Akapoteza. Basi siku moja alikigeukia kigoda, akauliza kwa ukali wa Mama, kwa sauti inayokaribia ya Mama, "Na anayekuuzia? Mjinga?" Akashtuka mwenyewe. Akajaribu kujibu, akajikuta hana jibu la maana, akafunga kompyuta na kwenda kutembea. Kesho yake akafanya tena. Alijifunza kubisha jinsi mtu anavyojifunza kuendesha baiskeli, kwa kuanguka.

"Gavana, una mgeni huko juu?" kinyozi akamwuliza. "Asubuhi nasikia mnagombana."

"Sina mgeni."

Kinyozi akamtazama kidogo, akarudi kwa mteja wake.

Mwezi ukafunga na faida. Kitinda hakuuamini, akangoja. Wa pili ukafunga. Wa tatu. Ilikuwa ile ile anayoijua, faida isiyo na mbwembwe, inayokuja kwa kukataa zaidi kuliko kwa kukubali. Kitu alichokitafuta tangu aache kazi ya bima, kilichokula akiba yake na uchumba wake, sasa kilikuwa mkononi mwake, na hakukuwa na mtu mwingine ndani ya chumba. Sasa alikuwa anajitegemea kweli.

Na hapo ndipo alipolia kuliko siku ya daktari. Kwa maana miezi ile ya hasara baada ya Mama kuhama, ndani kabisa, pale mtu asipopenda kumulika, alikuwa ameifurahia. Maadamu anapoteza, Mama alikuwa bado anahitajika. Kila hasara ilikuwa kama kusema nafasi yake ipo, haijazibwa, arudi tu aketi. Sasa nafasi ilikuwa imezibwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiziba, kwa bidii, asubuhi baada ya asubuhi, na kazi ilikuwa safi, haikuwa na tundu.

Alikwenda kwa dada alasiri ya siku hiyo. Alitaka kumwambia Mama. Alijua hataelewa, lakini habari hiyo haikuwa na mwenyewe mwingine duniani.

Dada alikuwa mlangoni, anavaa viatu vya kazi. "Leo si siku yake nzuri," akasema. "Tangu asubuhi ananiita dada yake. Lakini ametulia. Yuko uani, anatusaidia nguo."

Mama alikuwa amesimama karibu na kamba, jua likimpiga begani, kapu la nguo zilizokauka liko miguuni. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa vizuri. Alipomwona Kitinda akatabasamu kwa heshima, tabasamu la kumpokea mgeni wa mwenye nyumba.

"Karibu. Wenyewe wanatoka sasa hivi."

"Ahsante, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo? Umetoka mbali?"

"Si mbali sana."

"Unafanya kazi?"

"Nafanya."

"Kazi gani?"

"Nabadilisha fedha," akasema. "Fedha za nchi na nchi. Naangalia ipi inapanda, ipi inashuka. Nimekuja kusema kwamba siku hizi inakwenda vizuri. Haikuwahi kwenda vizuri hivi nikiwa peke yangu."

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande. "Peke yako," akasema. Hilo ndilo alilolishika. Uso wake ukaingiwa na huruma halisi, huruma ya mtu mzima kwa kijana asiyemjua. "Kutwa nzima peke yako? Huna mtu wa kukaa naye?"

"Ninaye, Mama."

"Yuko wapi?"

"Yupo."

"Afadhali," Mama akasema, na alionekana kufarijika kweli, kama mzigo umeshushwa mahali fulani ndani yake. Akavuta shuka kwenye kamba, shuka kubwa jeupe, akahangaika nalo, likamponyoka upande mmoja. Akamnyooshea pembe zake mbili. "Basi nishikie hapa, baba. Peke yangu siliwezi."

Kitinda akashika. Wakarudi nyuma kila mmoja mpaka shuka likanyooka, wakalikung'uta, vumbi la jua likaruka. Kisha wakakunja, wakasogeleana, mikono yao ikakutana juu, na Mama akazichukua pembe kutoka vidoleni mwake. Akalilaza kapuni, akalipapasa, akainama kutafuta lingine.